Jahazi Dogo Likishapita Upeo wa Macho

Saa 10:20 alasiri simu ililia: latitudo, longitudo, kasi ya fundo 2, yaani karibu kilomita 4 kwa saa. Saa 10:30 ikalia tena. Saa 10:40 ikalia mara ya tatu, na nukta ikaonekana mbele kidogo ya Ras Kitau. Kisha kimya. Jahazi letu la mita 1.2, ambalo mpwa wangu alikuwa amelipiga randa na kulitia kalafati kwa mwezi mzima, lilikuwa limeshatoka mlangoni pa Shela, hapa kwetu Amu (Lamu), na kuingia bahari kuu. Traka tuliyoilaza tumboni mwake, kifaa cha kututumia habari za mahali chombo kilipo, haikutamka neno tena.

"Mjomba, limezama?" aliniuliza. Sikuwa na jibu. Pale gatini kila mtu alikuwa na lake, na wengi walisema GPS imeharibika.

Siku ya 11 mvuvi wa Kizingitini akalileta. Mlingoti umekatika, tanga halipo, foromali, boriti inayobeba tanga, haijulikani ilikokwenda. Tukafungua mfuniko, tukachomoa kadi ya kumbukumbu. GPS haikuwa imeharibika hata kidogo. Kwa siku 3 nzima, mpaka betri ilipokwisha, ilikuwa imeandika mahali chombo kilipo kila baada ya dakika 10. Jahazi lilijua liko wapi muda wote ule. Sisi ndio tuliokuwa hatujui.

Hapo ndipo watu wengi wanapochanganyikiwa, mafundi wanaofunga traka za magari wakiwamo. Tunaitaja GPS kana kwamba ni kitu kimoja kinachojua mahali na kupeleka habari. Hizo ni kazi mbili mbali mbali. Ya kwanza ni kujua, ya pili ni kusema. Kujua ni rahisi na ni bure. Kusema ndiko kunakokula pesa, betri na usingizi.

Tuanze na kujua. Chukulia umesimama darini Mkomani, mtaa wa mji wetu, wakati wa magharibi. Chukulia pia kwamba waadhini wote wa mji wana saa sahihi kabisa, na wote wanaanza takbira kwa sekunde ile ile. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Msikiti ulio mlangoni pako utausikia papo hapo. Wa pili ukichelewa sekunde 1, uko mita 340 kutoka ulipo. Ukijua misikiti ilipo, na ukapima kila mmoja umechelewa kiasi gani, utaweza kutia alama ya mahali ulipo kwenye ramani bila kumuuliza mtu. Na mwadhini mwenyewe hana habari kwamba uko darini unamsikiliza.

GPS inafanya kazi vivyo hivyo. Setilaiti zake ziko juu kiasi cha kilomita 20,200, kila moja imebeba saa ya atomiki, na kila moja inatangaza: mimi ni fulani, niko hapa, saa ni hii. Kipokezi kilichomo ndani ya jahazi kinasikiliza tu na kupiga hesabu. Mawimbi ya redio huenda kilomita 300,000 kwa sekunde, kwa hiyo ukikosea sehemu moja ya milioni ya sekunde umekosea mita 300. Ndiyo maana zinahitajika setilaiti 4 na si 3: tatu za kupata mahali, na ya nne ya kuirekebisha saa ya kipokezi, ambayo ni saa ya bei nafuu isiyoaminika. Baharini hesabu hii hutoka vizuri kuliko mahali popote, kwa kuwa hakuna ghorofa wala mwembe wa kuziba anga. Utapata mahali pako kwa kukosea mita chache tu, bila bando, hata kama uko katikati ya Bahari ya Hindi.

Lakini kipokezi cha GPS hakitumi chochote kwa mtu yeyote. Atakayekisemea ni chombo kingine, redio ya pili, na swali la kuuliza kuhusu redio hiyo ni moja tu: nani anaisikia?

Traka yetu ya kwanza ilikuwa ya aina inayofungwa kwenye pikipiki, ina laini ya simu ndani. Anayeisikia ni mnara wa simu. Sasa dunia ni mviringo, na mawimbi ya aina hii huenda takriban moja kwa moja, kwa hiyo kuna mahali ambapo mnara unazama nyuma ya maji kama vile jahazi linavyozama kwa mtu aliyesimama ufukweni. Mafundi wa redio wana hesabu fupi: chukua kipeuo cha pili cha urefu wa antena kwa mita, zidisha kwa 4.12, utapata kilomita. Mnara wa mita 49 unaona kilomita 29 hivi. Antena iliyo sentimita 25 juu ya maji inaona kilomita 2. Jumlisha, kilomita 31. Mitambo ya GSM, mfumo wa simu za mkononi, nayo ina mpaka wake wa kawaida wa kilomita 35, kwa sababu mnara unampangia kila mtu zamu yake ya kusema, na sauti itokayo mbali zaidi ya hapo hufika zamu ikiwa imeshapita.

Mbona basi jahazi letu lilinyamaza hapo hapo Ras Kitau, kabla hata ya kilomita 10? Nilikaa na swali hili kwa wiki nzima, na jibu lilikuwa ndani ya tumbo la jahazi. Traka tuliilaza chini, kando ya farumi, uzito wa madini ya risasi tuliouweka ili chombo kisipinduke. Hapo ni chini ya mstari wa maji. Setilaiti za GPS ziko juu, mawimbi yao yanashuka kupitia sitaha, na mbao kavu hazizuii mawimbi kwa kiasi cha kutisha. Mnara uko kando, kwenye upeo. Ili traka iufikie ilibidi ipenye ubavu wa jahazi na maji ya chumvi yaliyo nje yake, na maji ya chumvi ni ukuta kwa mawimbi ya redio. Gatini maji yalikuwa shwari na mnara ulikuwa karibu, kwa hiyo mawimbi yalipata njia. Nje ya mlango kuna mawimbi ya bahari ya mita moja na nusu, na kila jahazi liliposhuka bondeni lilikuwa kama limefunikwa sufuria.

Tena kuna jambo jingine lililotuumiza. Redio ya simu ikikosa mtandao hailali. Huutafuta tena na tena, na kila inapousikia mnara kwa mbali hujibu kwa nguvu yake yote. Betri tuliyoihesabia siku 10 ilimalizwa kwa siku 3 na kutafuta kusikozaa kitu.

Kijana mmoja wa Langoni aliyesomea umeme alitushauri tutumie LoRa, redio ndogo zinazopeleka maneno machache polepole sana kwa nguvu ndogo mno. Ushauri mzuri, kwa mashindano ya ndani. Ukiweka kipokezi juu ya dari, antena ikafika mita 16 kutoka usawa wa bahari, utaona kilomita 16 na nusu. Ongeza 2 za jahazi. Hiyo inatosha mkondo wote kati ya Amu na Manda na kubaki, na hakuna ada ya kila ujumbe. Ila upeo wa macho ni ule ule. Redio iwe hodari namna gani, haitaona nyuma ya maji.

Anayetaka kusikika nyuma ya maji hana budi kutazama juu.

Na sisi watu wa pwani hii si wageni wa setilaiti. Ngomeni, kaskazini ya Malindi, Waitaliano walikuwa wakirusha setilaiti kwa roketi kutoka jukwaa lililosimamishwa baharini, kuanzia 1967 mpaka 1988. Tarehe 12 Desemba 1970 ilipaa kutoka hapo setilaiti ya Marekani ya kuchunguza miale ya eksirei itokayo kwenye nyota. Ikapewa jina Uhuru, kwa kuwa siku ile Kenya ilikuwa inatimiza miaka 7 ya uhuru wake. Pahali palichaguliwa kwa ukaribu wake na ikweta, ambako mzunguko wa dunia wenyewe unaipa roketi msukumo. Napenda mpwa wangu alijue hili kila anaposhika antena mkononi.

Kwa chombo kidogo cha baharini, mtandao unaotajwa zaidi ni Iridium. Una setilaiti 66 zinazofanya kazi, juu kiasi cha kilomita 780 tu, zikipita karibu na ncha za dunia na kumaliza mzunguko mmoja kwa dakika kama 100. Kwa kuwa ziko karibu, redio ndogo yenye antena ya ukubwa wa biskuti inaweza kuzifikia. La muhimu zaidi, setilaiti hizi zinazungumza zenyewe kwa zenyewe. Jahazi likiwa katikati ya Amu na Maldivi, setilaiti iliyo juu yake haihitaji kuona kituo chochote cha nchi kavu. Inampasia jirani yake, naye jirani yake, mpaka mmoja wao anakiona kituo na kuuteremsha ujumbe. Dakika chache baadaye simu inalia Amu.

Globalstar, mtandao mwingine wa setilaiti, ni tofauti, na tofauti hii haiandikwi kwenye boksi. Setilaiti zake, zilizo kilomita 1,400 hivi juu, kazi yake ni kama ya kioo: zinapokea na kurudisha chini papo hapo. Ni lazima setilaiti moja ione jahazi na kituo cha nchi kavu kwa wakati mmoja. Penye vituo vingi mambo huenda vizuri, na traka zake ni nafuu. Katikati ya bahari kubwa, mbali na kituo, ujumbe unapanda na hakuna pa kuushusha. Kabla ya kununua, tazama ramani ya huduma yao, na utazame Bahari ya Hindi, si Marekani. Kwa bahari yetu mimi nimechagua Iridium, ingawa kila ujumbe unalipiwa.

Wako wanaouliza kwa nini tusitumie Starlink, intaneti ya setilaiti, ambayo iko Kenya tangu 2023. Ni kwa sababu ya umeme. Hata dishi lake dogo linakula zaidi ya wati 20, na paneli inayoenea kwenye sitaha yetu hutoa wati 2 jua likiwa utosini.

Iko pia njia ya watu wa redio za ridhaa, wanaotuma kwa kupenda na si kwa malipo, wale ambao majina yao ya hewani hapa Kenya huanza na 5Z. Mwanafizikia Joe Taylor, aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1993, alibuni namna ya kutuma iitwayo WSPR: ujumbe mfupi mno unaotumwa kwa karibu dakika 2, kwa nguvu ndogo kama wati 0.2, katika masafa ya redio yanayodunda kwenye tabaka za juu za anga na kuangukia bara jingine. Maji ya chumvi, yaliyokuwa adui wa traka yetu, hapa yanageuka rafiki: chini ya antena ya masafa haya yanasaidia mawimbi kuruka mbali. Hakuna ada ya ujumbe. Kinachotakiwa ni leseni, na uvumilivu, maana ujumbe wa kawaida unataja mraba tu wa ramani wenye upana wa kilomita 220 hivi na urefu wa 110. Amu iko kwenye mraba LI07, na Kipini na Faza zimo humo humo. Ziko mbinu za kupunguza ukubwa huo kwa kutuma ujumbe wa ziada.

Sasa betri, maana hapa ndipo watu wengi wanaposhindwa wakiwa wameshanunua kila kitu. Chukua mfano wa betri moja ya lithiamu ya miliampea-saa 3,400, ile nene kuliko kidole gumba. Kipokezi cha GPS kinachokula miliampea 30 kikiachwa wazi usiku na mchana kitatumia miliampea-saa 720 kwa siku. Siku ya tano umekwisha. Sasa kilaze. Kiamshe mara 4 kwa siku, dakika moja moja, kiangalie kilipo. Hiyo ni 2 tu kwa siku. Weka nyingine 6 za kutuma ujumbe 4 kwa setilaiti, na 2 au 3 za kompyuta ndogo inayohesabu saa wakati vingine vyote vimelala. Jumla ni kama 11. Betri ile ile iliyokufa siku ya tano inavuka miezi 10 hata bila jua. Paneli inabaki kuwa akiba, nayo ni akiba ya lazima, kwa kuwa chumvi na mavi ya ndege vitaifunika.

Mara 4 kwa siku zinatosha? Chombo cha mita 1.2 hakiwezi kuzidi fundo 2 na nusu kwa nguvu ya tanga lake, hata upepo uwe mkali. Kwa saa 6, bila kuhesabu mkondo, kitakuwa kimekwenda kilomita chini ya 30. Ukitaka kujua njia yake, hizo nukta 4 zinakuchorea vizuri. Ukitaka kukifuata kwa boti ukakiokoe, hazikutoshi, na ndiyo maana programu yetu ya sasa inaturuhusu kukiandikia chombo kiongeze mara zake. Iridium inapeleka na kupokea, na jambo hili moja linanifanya nisiijutie bei yake.

Ujumbe wenyewe usiwe mrefu. Wauzaji wengine wa huduma hutoza kwa kila baiti 50 za data, na yetu ni 10 tu. Gati ya Amu iko kwenye -2.2717 na 40.9020. Zidisha kila namba kwa 10,000, desimali zinaondoka, zinabaki -22717 na 409020, na kila moja inaenea kwenye baiti 4. Baiti ya 9 ni ya betri, ya 10 ni ya joto la ndani ya chombo. Digrii moja ni kilomita 111, kwa hiyo tarakimu ya nne baada ya nukta ni mita 11. Kuongeza tarakimu zaidi ni kulipia kitu ambacho GPS yenyewe haina uhakika nacho.

Nitaje na mtego mmoja uliotutoa jasho. Vipokezi vingi vya GPS havitoi digrii za desimali. Vinatoa digrii na dakika, ambazo hapa ni sehemu za sitini za digrii, zilizobanwa pamoja: 0216.3020 kusini, 04054.1200 mashariki. Maana yake ni digrii 2 na dakika 16.302, digrii 40 na dakika 54.12. Ukisahau kugawa dakika kwa 60, ukasoma 2.1630 na 40.5412, ramani itaitoa nukta Amu na kuirusha kilomita 12 kaskazini na 40 magharibi. Jahazi linatembea bara, porini. Jioni ya jaribio la kwanza mpwa wangu alilitazama likipita mwituni kwa fundo 2, akanyamaza, kisha akachukua penseli na kuanza kugawa.

Nukta zikianza kuja, bado kuna kazi ya kuzisoma, na hii haifundishwi na muuza traka. Inafundishwa na manahodha. Wakati wa kusi, mkondo wa pwani yetu unakwenda kaskazini kwa kasi inayoweza kufika fundo 3, zaidi ya mwendo wa tanga la chombo kidogo. Fundo 3 kwa saa 24 ni kilomita 133. Kutoka Amu hadi Ras Kamboni, mpakani na Somalia, ni kama 100. Nukta zitaonyesha jahazi likikimbia vizuri, kumbe limelala ubavu na kinacholipeleka ni maji. Tuliposoma kadi yetu tuliona hasa hivyo: siku ya kwanza mstari unapinda kila upepo unapobadilika, kisha kuanzia alfajiri ya siku ya pili umenyooka, mwendo ni mmoja usiku na mchana. Fundi mzee wa Matondoni aliutazama mstari ule na kuuwekea kidole. "Hapa mwanangu mlingoti ulishakwenda," akasema. Hakuwa ameambiwa.

Wakati wa kaskazi mambo hugeuka. Mkondo wa Somalia unashuka kusini, unakutana na ule unaopanda kutoka Tanzania mahali fulani mbele ya pwani yetu ya kaskazini, na maji yote mawili yanapinda kuelekea mashariki, bahari kuu. Chombo kilichokusudiwa Malindi kinaweza kuchukuliwa upande wa Shelisheli.

Ukimya nao unasomeka vibaya. Oktoba 2020 kijahazi cha wanafunzi wa shule moja ya New Hampshire, Marekani, kilishushwa kwenye Atlantiki, traka ikiwa sitahani. Kwa vipindi virefu kilinyamaza kabisa. Siku 462 baada ya safari kuanza kilipatikana kisiwani Smøla, Norwe, bila mlingoti wala mkuku, kimegandwa na viumbe vya baharini. Sitaha ilikuwa nzima, na traka ilikuwa imetoa sauti tena kutoka ufukweni hapo. Tangu nilipoisoma habari hii sifungi antena mlingotini. Mlingoti ndio wa kwanza kuondoka. Antena yetu mpya imelazwa chini ya sitaha ya mbao, ikitazama anga, mbali na risasi na waya, na hakuna rangi yenye unga wa chuma juu yake.

Kuna nukta moja ambayo setilaiti haitakueleza: chombo kikigeuka ghafla dhidi ya mkondo, kikaenda fundo 7 mpaka kijijini na kutulia, kimeokotwa. Mvuvi wetu wa Kizingitini alituambia alilizunguka jahazi mara mbili kabla ya kuligusa, kwa sababu aliona waya na kisanduku, na katika maji yetu mtu ana haki ya kuogopa kisanduku chenye waya. Maneno yale yalinikaa rohoni. Safari hii tumetoa taarifa mapema kwa walinzi wa pwani, na ubavuni mwa chombo kuna maandishi ya rangi nyekundu, kwa Kiswahili, Kisomali na Kiarabu: hiki ni chombo cha masomo, ndani hamna kitu cha hatari, ukikikuta kinaelea kiache kiende, ukikikuta ufukweni piga namba hii.

Tutalishusha Desemba, kaskazi ikishatulia, na litaanza na nukta kila saa 3 kwa siku mbili za kwanza. Mvuvi yule ameomba namba yake iingizwe kwenye orodha ya wanaopokea. Yeye huwa nje ya miamba tangu alfajiri, na akiipata nukta ya asubuhi kabla ya kwenda mbali na mnara, atajua atazame upande gani.